Windows 10 imekwisha, kipakatalishi bado kizima

*Mafundi wa Nakuru wanaletewa mashine nzima ambazo Windows 11 imezikataa. Kuna anayezifungua kwa leseni ya wizi, na kuna anayeweka programu huria. Tuliketi kwenye meza ya fundi mmoja, kisha tukalifuata suala hili hadi kwenye vituo vya afya vya Bonde la Ufa.*

FUNDI alikilaza kipakatalishi cha dada yangu kifudifudi juu ya kipande cha zulia, akalegeza parafujo moja baada ya nyingine, akachomoa kijibao cha RAM. Kisha akatia mkono mfukoni na kutoa kifutio, kile cheupe cha watoto wa shule, akaanza kusugua meno ya kijibao hicho polepole kama anayefuta kosa la hesabu. Akapuliza, akakirudisha, akabonyeza kitufe. Mashine iliyokuwa kimya kwa siku tatu ikawaka.

"Mashine yako ni nzima, mwalimu," akamwambia. "Sasa tuongee kuhusu Windows."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ghorofani, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue jijini Nakuru, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza vifuniko vya simu. Dada hufundisha shule ya msingi upande wa Bahati. Kipakatalishi chake ni HP EliteBook 840 G3, ex-UK, alichonunua kwa mkopo wa chama. Humo ndimo yalimo maazimio ya kazi, mitihani ya mihula kadhaa, na orodha ya michango ya chama chenyewe, kwa kuwa yeye ndiye mweka hazina.

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft imeacha kutoa viraka vya kawaida vya usalama vya Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti: kichakataji cha Intel kiwe cha kizazi cha nane au zaidi, na ndani kuwe na kinga iitwayo TPM 2.0. Kichakataji cha dada ni cha kizazi cha sita. Mashine inaandika, inachapisha, inacheza video, betri inakaa saa tatu. Lakini kwa daftari la walioiuza, siku zake zimekwisha.

Kizazi cha sita

Atembeaye madukani Nakuru anazijua mashine hizi: EliteBook, ThinkPad, Latitude. Zilinunuliwa na ofisi za Ulaya, zikatumika miaka michache, zikabadilishwa, zikapakiwa kwenye makontena. Sisi tukazipokea kama nzima, na ni nzima kweli. Mwili wake ni mgumu kuliko vipakatalishi vipya vya bei hiyo hiyo, na vipuri vinapatikana.

Microsoft haikuwaacha watu mkono mtupu kabisa. Mtu binafsi anaweza kusogezewa viraka mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026, kwa kulipa Dola 30 au kwa kukubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya kampuni hiyo. Ni nafuu, lakini ni nafuu ya mwaka. Baada ya hapo swali linarudi lilipokuwa.

Fundi alimweleza dada haya yote bila haraka. Kisha akamwambia kwamba wateja wengi hawataki maelezo hayo. Wanataka wapigiwe Windows, waondoke.

Kinga inazimwa kwanza

Nimeona "kupiga Windows" mara nyingi, nami nimepigiwa. Flashi inachomekwa, mfumo unawekwa upya, kisha Office inawekwa. Windows yenyewe mara nyingi huja na leseni halali iliyofungwa kwenye bodi ya mashine hizi za ofisi. Office haiji nayo. Hapo ndipo inapotolewa programu ndogo ya kufungua leseni kwa hila, inayojulikana zaidi kwa jina KMSPico.

Kabla haijaanza kazi, programu hiyo hukuagiza uzime kingavirusi. Msomaji, tua hapo kidogo. Bawabu anaambiwa alale kwanza ndipo mgeni aingie, na hakuna anayejua mgeni amebeba nini. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi vifurushi bandia vya KMSPico vilivyokuwa vimeficha CryptBot, programu inayoiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali.

Masaibu yangu hayakuwa ya sarafu. Miaka kadhaa iliyopita nilichomeka flashi kwenye mashine ya saiba moja mjini ili nichapishe barua. Nilipofika nyumbani kila folda ilikuwa imegeuka njia ya mkato ya kilobaiti moja. Mahojiano ya wiki mbili, pamoja na sauti ya mzee mmoja wa Subukia ambaye leo hayupo, sikuyapata tena. Sijui ni nani aliyevileta virusi hivyo kwenye mashine ile. Ninachojua ni kwamba haikuwa na kinga yoyote iliyowashwa, na haikuwa imepokea kiraka kwa muda mrefu.

BSA, muungano wa kampuni za programu, ulikadiria katika utafiti wake wa 2018 kwamba asilimia 74 ya programu zilizowekwa kwenye tarakilishi za Kenya mwaka 2017 hazikuwa na leseni. Muungano huo una maslahi yake, kwa hivyo takwimu zake zisomwe kwa tahadhari. Hata hivyo, sidhani kuna mwenye saiba Nakuru atakayezipinga.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaikataza biashara hii, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ina mamlaka ya kufanya ukaguzi na kunasa vifaa. Mafundi wanalijua hilo. Lakini mteja akija na noti mbili mkononi na mtihani wa kuchapisha kesho, sheria iko mbali na mteja yuko mlangoni. Siwezi kumlaumu fundi kana kwamba yeye ndiye aliyeupanga mfumo huu wa bei.

> "Bawabu anaambiwa alale kwanza ndipo mgeni aingie."

Bure, na huria

Njia nyingine aliyotaja fundi ilimfanya dada akunje uso: Linux. Akauliza ni bei gani. Akaambiwa programu haina bei, atalipia kazi tu. Uso ukakunjika zaidi.

Ninamwelewa. Katika Kiswahili neno "bure" lina sumu yake. Cha bure ni kisicholipiwa, lakini mtu bure ni asiyefaa, na kazi bure ni iliyopotea. Mnyakuzi wa ardhi, mchuuzi wa dawa za miujiza, mwanasiasa wa fulana: wote hutoa cha bure. Kumbe sisi tuna bahati ambayo Waingereza hawana. Wao hutumia neno moja kwa kitu kisicho na bei na kwa kitu kilicho huru, na wamebishana miaka mingi kwa sababu hiyo. Sisi tuna neno la pili, na ndilo linalotufaa hapa: huria.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi. Anayejua anaweza kuusoma, kuurekebisha, kuunakili na kumpa jirani, na leseni inamruhusu. Wazo hilo lilitangazwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983 alipoanzisha mradi wa GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, akaleta kiini cha mfumo tunaouita Linux. Wengine wakajenga juu yake.

Mkulima wa Njoro au Molo hahitaji somo refu kuhusu jambo hili. Matrekta ya zamani ya Massey Ferguson bado yanalima huko kwa sababu fundi wa kijijini anaweza kufungua injini, kuona kilichokatika na kuchonga kingine. Hakuna anayempigia simu mwenye kiwanda kuomba ruhusa. Fikiria trekta ambalo boneti lake limepigwa kufuli, ufunguo uko ng'ambo, na siku moja unaambiwa injini ni nzima lakini ruhusa ya kulima imekwisha.

Na programu huria si kitu kigeni mikononi mwetu. Simu ya Android ya kondakta wa matatu inatembea juu ya kiini cha Linux. Ile koni ya rangi ya machungwa iliyo kwenye kioo cha kila duka la kuuza filamu ni VLC, kazi iliyoanzishwa na wanafunzi wa Ufaransa na kutolewa kwa leseni huria mwaka 2001. Tunaitumia kila siku bila kuiuliza jina la ukoo.

Mimi niliifahamu Linux kwa bahasha. Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth alianzisha Ubuntu mwaka 2004, akauita mfumo huo kwa neno la kwao lenye maana ya utu, na kwa miaka kadhaa kampuni yake ilituma diski kwa posta, bila malipo, kwa yeyote aliyeomba duniani. Nilikuwa mwanafunzi. Karani wa posta alinitazama mara mbili aliponikabidhi bahasha kutoka ng'ambo isiyodaiwa hata ndururu. Nilizigawa diski zile bwenini hadi ikabaki moja, na hiyo moja ikanifundisha kwamba tarakilishi inaweza kufunguliwa na mtu wa kawaida. Utumaji huo ulikomeshwa mwaka 2011. Leo faili la Ubuntu ni karibu gigabaiti sita, mzigo mzito kwa anayenunua data kwa bando, ndiyo maana mafundi hupeana kwa flashi.

Kiswahili nacho hakikukosa. Mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Uswidi ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji idhini ya kampuni yoyote. Msimbo ulikuwa wazi, wakatafsiri.

Kutoka Mosoriot

Lakini ushahidi mzito zaidi katika Bonde la Ufa hauko kwenye vipakatalishi. Uko kwenye faili za wagonjwa.

Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Kaunti ya Nandi, si mbali na Eldoret, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana walianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye tarakilishi. Walitumia Microsoft Access. Kwa kituo kimoja ilitosha. Kisha mpango wao wa AMPATH ukaanza kutibu wagonjwa wengi wa Ukimwi, vituo vikaongezeka, na Access ikaelemewa.

Mwaka 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief, Paul Biondich na Burke Mamlin, walifika Eldoret kusaidia. Wangeweza kujenga kitu cha hapo peke yake. Badala yake wakabuni mfumo huria, OpenMRS, ili kituo kingine chochote kiuchukue na kuubadilisha. Mwaka 2006 ulianza kazi Eldoret. Leo unatumika katika makumi ya nchi. Hapa Kenya ulizaa KenyaEMR, unaotunza rekodi za wagonjwa wa Ukimwi katika mamia ya vituo.

Kuna pia mfumo wa DHIS2 wa Chuo Kikuu cha Oslo, huria vilevile, ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011. Takwimu za chanjo za zahanati huishia humo.

Na kabla ya OpenMRS kusambaa sana kulikuwa na Ushahidi. Januari 2008, vita vya baada ya uchaguzi vilipokuwa vikiteketeza nyumba Nakuru na Naivasha, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walijenga kwa siku chache ramani ambayo mwananchi angeitumia kuripoti alichokiona. Msimbo wakauacha wazi. Miaka miwili baadaye, tetemeko lilipoikumba Haiti, ramani hiyo hiyo ilitumika kutafuta waliohitaji msaada.

Kwa hivyo mtu anaponiambia programu huria ni mchezo wa vijana wa vyuo, ninamwelekeza Mosoriot.

> "Hawakuhitaji idhini ya kampuni yoyote. Msimbo ulikuwa wazi, wakatafsiri."

"Mbona CV yangu imeharibika?"

Upande wa pili una hoja, na ningekuwa mwongo kuzipita.

Kilio cha kwanza saiba ni cha CV. Kijana ameipamba kwa Word, safu mbili, visanduku, picha pembeni. Ikifunguliwa kwa LibreOffice, programu huria ya ofisi, kisanduku kinahama, simu ya mdhamini inaangukia ukurasa wa pili. Mwenye saiba hana muda wa kumweleza kuhusu miundo ya faili. Mteja anavuka barabara kwa jirani mwenye Word.

Kilio kikubwa zaidi huja Juni, wakati foleni za kuwasilisha ripoti za kodi zinapofika barabarani kabla ya tarehe 30. Fomu nyingi za iTax ni faili la Excel lenye makro: unajaza, unabonyeza kitufe cha kuhakiki, inajifunga kuwa faili la zip la kupakia. Makro zilizoandikwa kwa Excel hukataa mara nyingi zikifunguliwa kwingine. Hapa ninaona kosa si la fundi wala la mwenye saiba. Serikali isimwekee raia mlango wa kodi ambao ufunguo wake unauzwa na kampuni moja.

Halafu kuna printa za zamani, programu za hesabu za maduka kama QuickBooks, na walimu ambao wamefundisha "tarakilishi" kwa maana ya Word na Excel tangu walipoanza kazi. Mwanafunzi aliyesomea hivyo akikuta menyu tofauti anahisi amepotea. Hilo ni gharama ya kweli, hata kama haiandikwi kwenye risiti.

Uwazi nao si kinga kamili. Machi 2024 ulimwengu uliponea chupuchupu. Mtu aliyejipatia imani kwa miaka alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyokuwa ikitunzwa na karibu mtu mmoja tu wa kujitolea, tena aliyechoka. Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund, baada ya kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Wengine husema kisa hicho kinaonyesha udhaifu wa programu huria. Mimi naona mawili: watunzaji wa programu hizi wanaachwa wabebe mzigo wa dunia bila mshahara, na Freund aliweza kuchimba hadi mzizini kwa sababu msimbo ulikuwa wazi kwake. Mwajiri wake, kwa taarifa yako, ni Microsoft. Kampuni hiyo hiyo ilinunua GitHub, ghala kubwa kuliko yote la msimbo huria, kwa Dola 7.5 bilioni mwaka 2018. Vita vya zamani kati ya kambi hizi mbili si vita tena kama tulivyovijua.

Nani ana ufunguo

Suala hili ni kubwa kuliko kipakatalishi cha mwalimu mmoja. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Milki za Kiarabu zilitangaza mpango wa Dola 1 bilioni, kukiwemo kituo cha data Olkaria, Naivasha, kilichopangwa kutumia umeme wa mvuke. Hiyo ni Kaunti ya Nakuru. Mvuke ni wa ardhi yetu, na ninautakia mradi huo heri. Lakini kuwa na jumba la seva jirani si sawa na kuwa na ufunguo wa kilichomo.

Mwaka 2025 tuliona maana yake. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ilifichua kwamba mfumo wa kidijitali wa bima mpya ya afya, wa Sh104.8 bilioni, si mali ya serikali. Umiliki na haki zake ziko kwa muungano wa kampuni zilizoujenga. Serikali ilijitetea kwamba fedha hizo hazilipwi kwa mkupuo bali kadiri huduma inavyotumika. Hata tukilikubali hilo, mgonjwa wa Molo anaingia kwenye rejista ambayo nchi yake haiimiliki, ilhali kule Eldoret, karibu miaka 20 iliyopita, ilithibitika kwamba rejista ya wagonjwa inaweza kujengwa kwa msimbo usiofungiwa mtu.

Wakenya tulishawahi kulidai jambo hili barabarani bila kulipa jina la kitaalamu. Mwaka 2017 kilio kilikuwa "fungua seva". Mahakama ya Juu iliamuru walalamishi wapewe nafasi ya kukagua seva za tume ya uchaguzi, IEBC, na Septemba 1 ikaufuta uchaguzi wa urais. Aliyepaza sauti ile alitaka kuona hesabu inavyofanywa.

Nasema hivi bila kusahau gharama. Msimbo wa bure hauzimi njaa ya fundi wala haulipii umeme wa seva. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni, kazi nyingi za afya zilizoitegemea zilikatika katika siku chache. Kaunti inayotaka programu huria inapaswa kuajiri na kulipa vijana wa kuzitunza, nao hawako mbali: Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, cha Kabarak kiko kando ya barabara ya Eldama Ravine. Hiyo fedha ingebaki hapa.

Flashi ya gigabaiti nane

Turudi ghorofani. Fundi hakumlazimisha dada kitu. Alichukua flashi ya GB8 yenye Linux Mint, akaichomeka, akawasha mashine kutoka kwenye flashi hiyo. Mfumo ulifunguka bila kugusa hata faili moja la Windows. Ndivyo ninavyomshauri yeyote: jaribu hivyo kwanza, na usikubali kifutwe kitu siku hiyo. Nakili mafaili yako kwenye flashi nyingine. Jaribu Wi-Fi. Leta printa yako au jina lake. Fungua faili lile unaloliogopa zaidi. Ukiwa na kazi isiyokubali nje ya Excel, bakisha Windows kando na uiepushe na intaneti kadiri uwezavyo.

Faili aliloliogopa dada ni la chama. Lilifunguka kwenye LibreOffice. Alitoa daftari la mkono kwenye mkoba, akalinganisha jumla ya kila mwanachama, mstari kwa mstari, huku fundi akimhudumia mtu wa chaja. Zililingana. Mtihani wa Kiswahili wa darasa la tano ulihama kidogo kwenye jedwali la maswali, alilisogeza mwenyewe.

"Kaka, hii Word yao inaandika vizuri," akaniambia, "lakini mbona kila kitu kiko mahali pengine?"

Wi-Fi ilikubali. Printa ya fundi ilikubali mara ya kwanza. Modemu ya zamani ya dada, ile anayoitumia Bahati umeme ukipotea, ilikataa kabisa, na tulipoondoka saa tisa alasiri fundi alikuwa bado ameinama juu yake.